Programu Zilizonenepa

Malalamiko ambayo fundi kompyuta huyasikia kila siku ni haya: mashine inakwama. Mwenye steshenari anabofya faili la mteja, kiduara kinazunguka, mteja anatazama saa. Mara nyingi ameshaamua kuwa kompyuta imezeeka, na anachouliza ni bei ya nyingine. Mimi humwambia kwanza abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja.

Dirisha linalofunguka linaonyesha kila programu inayofanya kazi na RAM inayotumia. RAM ndiko kompyuta inakoweka kazi iliyo mkononi kwa wakati huo. Ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, mwendo huo wa kwenda na kurudi ni wa polepole mno, na ndio unaoleta huko kukwama. Sasa chukua mashine ya GB 4. Mfumo endeshi umeshachukua sehemu yake kubwa, na juu yake kuna antivirusi, programu ya simu za video iliyojiwasha yenyewe asubuhi, programu ya printa inayochungulia matoleo mapya, na kivinjari chenye kurasa kumi ambazo hakuna anayezisoma. Barua ya mteja bado haijafunguliwa.

Windows 95 ilihitaji RAM isiyopungua MB 4. Windows 11 inahitaji GB 4, yaani takriban mara 1,000, nayo barua ya kuomba kazi bado ni ukurasa mmoja. Si haki kusema ongezeko lote hilo ni hasara tupu, kwa kuwa mifumo ya leo ina ulinzi ambao ule wa zamani haukuwa nao, na inaendesha video na picha kali bila taabu. Lakini mwaka huohuo wa 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa kompyuta wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alikwisha kuandika kwamba programu zinapungua kasi upesi kuliko vifaa vinavyoiongeza. Hakuishia kulalamika. Yeye na mwenzake Jürg Gutknecht walikuwa wamejenga mfumo mzima uitwao Oberon, mdogo kwa makusudi, kuonyesha kwamba wepesi unawezekana.

Unene huu una sababu zake, na si zote za uvivu. Programu nyingi za kisasa za kuchati hujengwa kwa Electron, nyenzo iliyoanza mwaka 2013. Kila programu iliyojengwa hivyo hubeba kivinjari kizima ndani yake. Ukifungua tatu kati ya hizo, ni sawa na kuwasha vivinjari vitatu. Mtengenezaji anapata nafuu kubwa, maana anaandika mara moja na kazi yake inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Gharama aliyoikwepa inalipwa na RAM yako.

Kwa hiyo anza na kilicho bure. Kwenye dirisha lilelile kuna orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Zima zote usizozihitaji asubuhi, ila antivirusi iache. Kwa kusoma PDF, SumatraPDF inatosha: ni ndogo, inafunguka papo hapo, na haikuombi ufungue akaunti. Haitakusaidia kuhariri faili, lakini ni wateja wangapi wa steshenari huja kuhariri PDF? George R. R. Martin aliandika riwaya zake nene kwa WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS. Sikushauri umfuate, ila inaonyesha jinsi kazi ya kuandika inavyohitaji vitu vichache.

Wepesi nao una mitego. Wapo wanaong'ang'ania Windows 7 kwa kuwa ni nyepesi. Matengenezo yake ya usalama yalikoma Januari 2020, na steshenari hupokea flashi za kila mtu. Kivinjari cha simu cha Opera Mini nacho huokoa bando kwa kupitisha kurasa kwenye seva za kampuni, ambako hubanwa kabla ya kufika kwenye simu yako. Mzigo haujatoweka, umebebwa na mwingine, na huyo mwingine anapitiwa na unayoyasoma. Kusomea habari sawa, lakini mambo ya benki ningeyafanyia kwingine.

Kwa mashine ambayo hata baada ya hayo bado inajikokota, ipo mifumo kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce. Haiuzwi, inaendelea kupata matengenezo, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ukiijaribu, chomeka printa na skana yako kabla ya kitu kingine chochote. LibreOffice, programu ya ofisi utakayoitumia humo, itafungua barua nyingi za Word, ingawa mpangilio wa CV zenye majedwali na visanduku huweza kuvurugika, kwa hiyo chapa moja ya namna hiyo uilinganishe na ya zamani kabla hujaamua kufuta Windows.