«Empty»: neno la Kiingereza linaloficha moto ndani ya pipa

Pipa lililojaa esansi na pipa ambalo esansi imekwisha: lipi ni la kuogopwa zaidi? Wengi watasema lile lililojaa. Mmarekani Benjamin Lee Whorf, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi ya kuzuia mioto katika kampuni moja ya bima mjini Hartford, hakuwa na maoni hayo. Katika andiko lililotoka mwaka wa 1941, alieleza kwamba penye mapipa yaliyojaa watu walijichunga sana. Penye mapipa yaliyoitwa «empty», walivuta sigara na kutupa vipande ovyo.

Kinachowaka si esansi ya maji-maji, ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Pipa likimiminwa, matone yaliyobaki yanatoa mvuke, hewa inaingia, na cheche moja ya fundi wa kuunganisha vyuma inatosha kulipasua.

Whorf alilaumu neno. «Empty» linasema kwamba kilichokuwamo kimetoka. Lakini linasema pia kwamba hakuna kitu, ni bure: «empty promise» ni ahadi isiyo na kitu ndani. Mfanyakazi anaambiwa maana ya kwanza, anasikia ya pili. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilihusu hata mtu asiye na kazi, mwenye nafasi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Nyumba tupu haina mtu, lakini barabara ikiwa matope matupu, imejaa matope! Basi «pipa la esansi tupu» ni lipi?

Wako waliompinga Whorf: mvuke hauonekani, walisema, na macho ndiyo yaliyodanganya watu, si lugha. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kanuni za kimataifa za kusafirisha vitu vya hatari haziridhiki na neno hilo peke yake: pipa lililomiminwa bila kusafishwa linabaki na alama zake za hatari, na karatasi za Kiingereza zinaandika «empty, uncleaned», yaani tupu, halijasafishwa.

Huku kwetu mapipa ya namna hiyo yanakatwa kuwa mbabula au milango. Anayelinunua asiulize tu kama ni tupu. Aulize lilibeba nini, na lilioshwa namna gani, kwa sababu maji baridi peke yake hayaondoi esansi.