Kalemie: Herufi zenye ukungu kwenye kioo cha kompyuta, namna ya kuzirekebisha bila kununua mashine mpya

Mjini Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, wakaaji wengi hawana kompyuta nyumbani. Barua ya kuomba kazi, kazi ya mwisho ya mwanafunzi au hati ya kuuza kiwanja hupelekwa kwenye nyumba za kuchapisha, ambako mara nyingi mashine ni za zamani. Herufi zikiwa na ukungu kwenye kioo, "rn" huonekana kama "m", na jina la mtu hubadilika. Kosa likiingia katika hati ya kuzaliwa, kulisahihisha kunaweza kumfikisha mwenye jina mahakamani.

Lakini mara nyingi kioo si kibovu. Kila kioo bapa kina idadi yake ya vitone, kwa mfano 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080. Kompyuta ikituma idadi nyingine, kioo hulazimika kuvuta picha, na kingo za herufi hufifia. Fungua mipangilio ya kioo, uchague kipimo chenye neno "recommandé".

Angalia pia waya. Ule wa VGA, wenye skrubu mbili, hupata usumbufu njiani kuliko wa HDMI. Kama huna mwingine, bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye kioo, picha itajipanga.

Kuna na ClearType, iliyomo ndani ya Windows tangu XP ya mwaka 2001. Kila kitone kina sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Programu hii huzitumia kulainisha kingo za herufi. Andika jina lake mahali pa kutafutia, kisha chagua maandishi ambayo macho yako yanasoma vizuri.

Shida nyingine huwapata wanaoandika Lingala yenye ɛ na ɔ: badala ya herufi, vinatokea viboksi vitupu. Maana yake fonti haina herufi hizo. DejaVu na Noto zinazo, na zote ni za bure.

Kabla ya kubeba kazi yako kwenye flashi, ihifadhi kama PDF. Kwa kawaida PDF husafiri na fonti zake. Faili ya Word mara nyingi huziacha nyuma, na kurasa huvurugika kwenye mashine ya pili.

Na kabla ya kulipa, soma jina lako kwenye karatasi, herufi kwa herufi.