Doa Jekundu Chini ya Gari

Asubuhi unaliondoa gari mahali lilipolala. Chini, mchangani, unaona doa. Ni jekundu. Unaligusa kwa kidole, linateleza. Usilipite tu.

Habari hii inahusu pikapu kuukuu yenye gia za otomatiki. Magari ya namna hii sasa yamefika hata vijijini. Mengi yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko. Pikapu hubeba maziwa na mahindi, na usiku hubeba mgonjwa. Giaboksi yake ikifa, watu wengi wanakwama pamoja na mwenye gari. Kuitengeneza upya ni ghali sana. Sili ya mpira ni rahisi.

Kwanza tuelewe kwa nini mafuta hayo ni muhimu. Katika gari la kawaida dereva hukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa mkono. Mafuta ya gia kazi yake ni kulainisha vyuma tu. Katika gari la otomatiki mambo ni tofauti. Ndani ya giaboksi kuna pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu, na mafuta hayo ndiyo yanayobana visahani vya klachi vilivyo ndani. Mafuta hayo hayo huhamisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia, na tena hupoza vyuma. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Hewa haibani kitu. Visahani huteleza, hupata moto, na huungua.

Dalili zake utazijua. Unatia gia, gari linakawia kuondoka. Unapanda mlima, injini inalia sana lakini gari halivuti. Ukifika hapo, umechelewa kidogo. Ni heri kulishughulikia doa la asubuhi.

Mafuta haya madukani wengi huyaita haidroliki. Kopo lake huwa na herufi ATF. Hutiwa rangi nyekundu ili yasichanganywe na oili ya injini. Zamani, huko Marekani, yalichanganywa na mafuta ya nyangumi, yule mnyama mkubwa wa baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jambo hilo lilikoma, kwa sababu nyangumi walikuwa wanamalizwa.

Sasa pima. Watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa wanapima kama wanavyopima oili ya injini, yaani injini ikiwa imezimwa. Magari mengi ya otomatiki ya zamani hupimwa injini ikiwa inaunguruma na ina joto. Endesha gari kidogo kwanza. Lisimamishe mahali tambarare. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Kanyaga breki, kisha pitisha mkono wa gia katika kila herufi, polepole: P, R, N, D na zinazofuata. Rudi kwenye P. Wewe unajua kusoma, basi soma kitabu cha gari kama kipo, maana magari machache hupimwa yakiwa kwenye N. Chomoa stiki ya giaboksi. Ipanguse kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Uzi mdogo unaweza kuziba njia za mafuta ndani. Irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena, utazame. Mafuta yafike kwenye alama ya moto.

Tazama pia rangi. Mekundu na safi ni mazuri. Ya kahawia, yenye harufu ya kuungua, yanaonyesha kwamba visahani vimeanza kulika. Yakiwa mazito ya rangi ya waridi, kama maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani. Hapo usiliendeshe tena. Mwite fundi.

Ukiongeza, ongeza kidogo kidogo, kwa mrija safi. Toka alama ya chini hadi ya juu mara nyingi ni kama nusu lita tu. Yakizidi hutoa povu, na povu halibani visahani. Usitie oili ya injini kwa kuwa ATF imekosekana dukani leo. Soma kopo lilingane na kitabu, kwani ATF nazo ni za aina nyingi.

Kuongeza si kutengeneza. Lazima ujue yanatoka wapi. Usiku tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya gari. Weka alama mahali gurudumu la mbele lilipo. Asubuhi utaona tone limeanguka wapi. Lakini uwe mwangalifu: gari likitembea, upepo husukuma mafuta nyuma. Sehemu iliyolowa sana siyo lazima iwe ndiyo inayovuja. Osha chini ya gari, kausha, endesha kidogo, kisha tafuta mahali palipo juu zaidi na mbele zaidi penye unyevu. Pakiwa pakavu, paka unga kidogo. Mafuta yataacha mfereji kwenye unga.

Neno la kukumbuka kabla ya kuingia chini: usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Weka magogo imara chini ya fremu, na magurudumu yazuiwe. Ngoja vyuma vipoe, kwa kuwa mafuta ya giaboksi yenye moto huunguza vibaya.

Mahali panapovuja sana ni pachache. Karibu na rejeta kuna mabomba mawili yanayopeleka mafuta kupozwa. Vipande vya mpira vilivyounga mabomba hayo hukauka na kupasuka. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Nunua mpira wa mafuta. Mpira wa maji usiutumie, kwa sababu huvimba ukikutana na mafuta, kisha huchomoka njiani.

Chini ya giaboksi kuna sampu, na kati yake kuna gasketi. Bolti zake ni ndogo. Mtu akiona panavuja, huchukua spana kubwa akakaza kwa nguvu zake zote. Sampu inapinda, panavuja zaidi. Kama bolti zimelegea, zikaze kidogo, kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili. Kama gasketi imekufa, badilisha gasketi. Sampu ikiwa wazi, badilisha na chujio. Ndani utaona vumbi laini la kijivu. Hilo ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida.

Nyuma, propela inapoingia, kuna sili. Fundi mzuri huibadilisha bila kushusha giaboksi. Lakini sili ya mbele, karibu na injini, inataka giaboksi ishushwe. Hiyo ni kazi ya gereji.

Wako watakaokuuzia dawa ya kuzuia kuvuja. Dawa hiyo hulainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokauka huenda ikatulia kwa muda. Gasketi iliyochanika haisaidiki. Mimi ningeitumia fedha hiyo kununua sili.

Usishangae gari likivuja zaidi likiwa limelala kuliko likitembea. Injini ikizimwa, mafuta yaliyokuwa juu hushuka kwenye sampu, na kimo chake hupanda.

Na likikwama njiani, usilivute kwa kamba kutoka kijiji hadi kijiji magurudumu yake yakizunguka. Injini ikizimwa pampu nayo imesimama, hakuna kinacholainisha gia. Ikiwa gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, fungua propela kwanza, au yainue magurudumu hayo. Na vijana wasijichoshe kulisukuma ili liwake. Gari la otomatiki kwa kawaida haliwaki hivyo.