MTOTO ASIYESIKIA SI MTUNDU

Akina mama wenzetu, mara ngapi tumemgombeza mtoto, "Wewe husikii?" tukidhani ni ukaidi? Mwezi huu tunawaalika twende hadi Australia. Huko wako watoto wengi wanaoulizwa swali hilo, na jibu la kweli ni kwamba hawasikii.

Hao ni watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Wengi wao, hasa wa vijiji vya mbali, huanza kuugua masikio wangali wachanga. Msongamano wa watu nyumbani, moshi wa sigara na mafua ya mara kwa mara hufanya maji yakusanyike nyuma ya ngoma ya sikio. Baadaye ngoma hutoboka, usaha ukatoka. Mara nyingi mtoto halalamiki maumivu yoyote. Darasani, sauti ya mwalimu humfikia nusunusu. Asipojibu huitwa mjinga. Akichoka na kuanza kucheza, huitwa mtundu.

Utauliza, "Kwani hospitali hazipo?" Zipo. Lakini mama mwingine huogopa kwenda, na hofu yake ina sababu.

Tangu mwaka 1910 hivi hadi 1970, serikali za huko ziliwachukua kwa nguvu watoto wengi wa Waaborijini, zikawapeleka kwenye makao au kwa familia za Wazungu ili wasahau lugha na mila zao. Baadhi ya makao hayo yalisimamiwa na misheni, jambo ambalo sisi Wakristo hatuna budi kulikiri kwa unyenyekevu. Taarifa ya uchunguzi ya mwaka 1997 ilikadiria kuwa waliochukuliwa walikuwa kati ya mtoto 1 katika kila 10 na mtoto 1 katika kila 3. Tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Hata hivyo, bibi aliyenyang'anywa kwa mama yake ndiye aliyemlea mama wa leo. Nesi mgeni akishika kalamu na kuuliza, "Nyumbani mnalala wangapi?" moyo wa mama hudunda: Je, wanataka kunichukulia mwanangu?

Kwa hiyo dawa peke yake haitoshi. Huduma yenyewe lazima iwe salama kwa utu na mila za mtu. Nesi wa Kimaori wa New Zealand, Irihapeti Ramsden, alifundisha kuwa anayeweza kusema huduma ni salama ni yule anayehudumiwa, si anayehudumia.

Shuleni jambo hili lina maana gani?

Kwanza, awepo mhudumu wa afya aliye wa jamii yao. Mwaka 1971 Waaborijini wa Redfern, mjini Sydney, walianzisha zahanati yao wenyewe. Leo vituo vinavyoongozwa na wenyeji ni zaidi ya 100, na vingine huwafuata watoto shuleni kuwapima masikio, macho na meno.

Pili, shule itambue jamaa. Kwao, dada wa mama naye ni mama, kama sisi tunavyosema mama mkubwa na mama mdogo. Mwalimu mwenye busara huuliza, "Nani anakutunza?" badala ya kudai sahihi ya mzazi mmoja tu.

Tatu, shule ijue adabu zao. Mtoto asiyemtazama mkubwa machoni huenda anamheshimu. Kumsimamisha mbele ya wenzake humtia aibu kubwa. Msichana mwenye shida za kike azungumze na mwanamke. Na penye msiba, jamii nyingi hazitaji jina la marehemu. Mtoto anayekosa masomo kwa ajili ya mazishi asiitwe mtoro.

Miriam-Rose Ungunmerr-Baumann, mwalimu Mwaborijini na muumini Mkatoliki, amewafundisha wengi neno la lugha yake, dadirri. Maana yake ni kusikiliza kwa ndani, kwa utulivu, bila haraka. Tunaona kuwa dawa huanzia hapo. Mtoto hasikii kwa sababu ya maji sikioni. Je, sisi wakubwa tumezibwa na nini?

Mama mpendwa, usaha masikioni si jambo la kawaida la utoto, wala si la kutiliwa mafuta nyumbani. Mpeleke mtoto kwa mganga hospitalini. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa kisogo, uone kama atageuka. Na kama wewe ni mwalimu au nesi, akija mama wa kabila lingine, mwenye woga na asiyejua lugha yako vizuri, usianze na fomu. Mpe kiti, msalimie, msikilize. Pengine ndipo atakapokuambia kinachomsumbua mwanawe.