Kwa Nini Nyavu za Karema Haziitwi Gia

Mvuvi wa Karema, upande wa Katavi wa Ziwa Tanganyika, ana nyavu, taa, nanga na makasia, na vyote kwa jumla anaviita zana za uvuvi. Mwingereza angeviita gear. Fundi wa malori pale Mpanda mjini hulitamka neno hilohilo, gia, lakini kwake ni yale magurudumu yenye meno ndani ya giaboksi, au namba anayoingiza dereva. Maana pana ya vifaa haikuvuka. Wapo wanaoliona hilo kuwa dalili ya Kiingereza kilichosikika nusunusu. Sikubaliani nao: neno la kigeni la chombo huingia limeng'ang'ania chombo chenyewe, na maana zake nyingine hubaki kwao.

Watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9 walikuwa na neno gervi, yaani mavazi na vitu vya kujiandalia, lenye udugu na kitenzi chao cha kutengeneza. Katika Kiingereza likawa deraya na silaha za askari, kisha matandiko ya farasi, kamba za meli, na kufikia karne ya 16 magurudumu yenye meno. Uwiano wa mwendo ulikuja mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na baiskeli na magari. Gurudumu la meno 10 likizungusha la meno 30, hili la pili huenda kwa theluthi ya kasi, ila nguvu yake ya kuzungusha huwa karibu mara tatu. Ndiyo maana lori lililosheheni mahindi hunguruma sana mlimani huku likitambaa. Kiswahili kilikutana na neno hili hapo, kwenye gari.

Lakini je, waliotuletea magari hawakuwa wakilitumia neno hilo kwa maana nyingine pia? Walikuwa wakilitumia, na mpaka leo Kiingereza huita hivyo vifaa vya uvuvi na hata magurudumu ya ndege ya kutua. Kilichozuia maana hizo kuvuka ni kwamba nafasi ilikwisha kujaa: zana, vifaa, ala, nyenzo. Hili la mwisho linanivutia kuliko yote. Wenzo ni mti wa kuinulia kitu kizito, au gogo la kukisukumia, na nyenzo ndio wingi wake. Leo mwalimu huomba nyenzo za kufundishia bila kuwaza magogo. Kiingereza kilitoka kwenye vifaa kikafika kwenye gurudumu. Sisi tulitoka kwenye gogo tukafika kwenye vifaa.

Pingamizi zito zaidi ni mashine, neno la kukopa lililobaki pana. Ni kweli, lakini sikiliza linavyotumika vijijini: mtoto akitumwa mashineni, kila mtu anajua anakwenda kusaga mahindi. Na mchimbaji wa dhahabu wa Ibindi au Dirifu, hukohuko Katavi, anayepeleka mawe karasha anakusudia pipa la chuma linalozunguka na gololi ndani, likisaga mawe kuwa unga, pamoja na uwanja mzima linapofanyia kazi. Kwa wahandisi wa Kiingereza, asili ya neno hilo, crusher, ni mashine ya kuvunja mawe kuwa vipande. Inayosaga ina jina lake. Jina limefuata mahali kazi inapofanyika.

Wala kuingia kwa maana finyu hakukulidumaza neno. Kubadili gia angani, msemo uliovuma katika siasa za uchaguzi wa 2015, ni kugeuza msimamo ghafla wakati safari imeshaanza. Tena husemwa mtu fulani alikuja na gia ya kuomba maji, kumbe anataka jambo lingine. Hapo gia ni mbinu ya kumwingia mtu, maana ambayo Kiingereza hakinayo, na naiona imetokana na dereva anayekipima kilima kabla ya kuchagua namba.