Jino la kupandikizwa: kipimo cha silikoni ao cha kamera?

Munganga akimaliza kuingiza implanti ya titani ndani ya mfupa wa taya, kazi bado haijaisha. Inabaki kutengeneza jino litakalofungwa juu yake, na jino hilo linategemea kipimo kinachochukuliwa kinywani. Kipimo kikikosewa, jino linarudishwa kwa fundi, na mara nyingi mgonjwa ndiye anaongeza dola.

Tangu 1965, Per-Ingvar Brånemark alipomwekea mgonjwa wa kwanza implanti huko Gothenburg, Uswidi, wanganga wanajua kwamba mfupa unashikana kabisa na titani. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazoliacha licheze kidogo. Implanti haichezi. Jino bandia lisilokaa sawa linasumbua skrubu, nayo inaweza kulegea ao kuvunjika.

Kwa njia ya zamani, munganga anafunga kipande cha chuma juu ya implanti, kisha anaingiza kinywani kisahani kilichojaa silikoni laini. Mgonjwa anavumilia dakika chache hadi igande. Wengine wanasikia kutapika. Fundi anamimina jasi ndani ya alama hiyo na kupata mfano wa kinywa. Kiputo cha hewa ao kipande kilichosogea kinatosha kuharibu kazi, na mara nyingi inabidi kuanza upya.

Njia ya kidijitali ilifika kwa wagonjwa 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, ambako Werner Mörmann aliitumia kuziba meno. Leo inatumika pia kwa implanti. Kamera ndogo inapiga picha nyingi mfululizo, programu inaziunganisha, na faili inatumwa kwa fundi kwa intaneti. Sehemu iliyokosewa inaweza kurudiwa peke yake.

Kwa jino moja, ao mawili matatu yaliyo karibu, njia zote mbili zinatoa kazi nzuri, na wagonjwa wengi wanapendelea kamera. Lakini kwa taya lisilo na jino hata moja, hali ni tofauti. Ufizi mtupu hauna alama nyingi za kuongoza programu, na kila picha inayounganishwa inaongeza kosa dogo. Kutoka upande mmoja wa taya hadi mwingine, makosa hayo yanajumlishana. Mate na damu pia vinaficha kinachopaswa kuonekana. Ndiyo maana wanganga wengi bado wanatumia silikoni kwa taya zima, baada ya kuunganisha vile vipande vya chuma visisogee.

Katika miji yetu, kama Goma, Bukavu ao Bunia, kuna pia swali la feza na umeme. Kamera inagharimu maelfu ya dola, inahitaji kompyuta yenye nguvu na fundi anayejua kutumia faili zake. Kliniki isiyo nayo inaweza kufanya kazi safi, ikiwa munganga ana uzoefu na silikoni.

Mbele ya kulipa, mgonjwa aulize mambo matatu: jino litatengenezwa na nani, na wapi? Je, litajaribiwa kinywani na kupigwa radio mbele ya kufungwa kabisa? Na likikataa kukaa, nani atalipia kipimo cha pili? Ni vizuri majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi ya bei.