Mwendo na Tukio: Jinsi Kompyuta Inavyoiga Mwili wa Mgonjwa wa Kisukari

Katika mwili wa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, mambo ya namna mbili huenda pamoja. Sukari katika damu hupanda na kushuka mfululizo, kama maji ya bahari yajaavyo na kupwa. Lakini chakula, sindano ya insulini, au pampu ya insulini kusimama ni matukio ya papo kwa papo. Kila moja hubadili mwendo wa sukari. Mfumo wenye sura hizi mbili twaweza kuuita mfumo mseto.

Kuuiga kwa kompyuta kunahitaji uangalifu, kwa kuwa programu hukokotoa kwa hatua. Tuseme pampu imepangwa kusimama sukari ikishuka hadi milimoli 3.9 kwa lita. Sasa sukari ni 4.2, nayo inashuka kwa 0.05 kila dakika. Kiwango hicho kitafikiwa baada ya dakika 6. Programu inayotazama kila baada ya dakika 20 itaikuta sukari ikiwa 3.2, huku insulini imeendelea kuingia kwa dakika 14 zisizostahili.

Programu bora, ikitambua kwamba kiwango kimevukwa, hurudi nyuma na kuugawa muda huo nusu kwa nusu hadi iufikie wakati wenyewe. Hapo huisimamisha pampu, kisha huendelea na hesabu.

Usahihi huo si anasa. Mwaka 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikubali kielelezo cha Chuo Kikuu cha Virginia na Chuo Kikuu cha Padova, Italia, kitumike badala ya majaribio ya awali kwa wanyama katika kupima pampu zinazojiongoza. Kielelezo hicho kina wagonjwa wa kubuni 300: watu wazima 100, vijana 100 na watoto 100. Kosa lisiloonekana humo laweza kumfikia mtoto halisi aliyelala usiku.

Funzo hili lahusu kliniki pia. Kipimo cha sukari kisichoambatana na saa ya chakula na saa ya sindano ni nusu ya habari. Mhudumu asiulize kiasi cha insulini pekee. Aulize na saa. Mgonjwa naye aandike zote mbili, kwani dozi ileile, kabla ya chakula au saa mbili baadaye, huleta matokeo tofauti.